Seva Moja, na Gari Lililokuwa Linakuja

Aika mwanangu,

Marahaba. Nakuitikia mapema kwa sababu najijua. Kesho asubuhi utaniamkia pale stendi, nitaitikia huku macho yangu yako kwenye mabegi, basi la Kigali litapiga honi, na hapo tutakuwa tumeagana. Sasa hivi ni saa tisa alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda Tengeru kumuaga shangazi yako. Nyumba iko kimya, na nimekaa kwenye meza hii hii tuliyolia chakula juzi, uliponiuliza swali nikainuka.

Mambo ya sweta, ya dawa za tumbo, ya kanisa gani utasali huko, mama yako ameshayasema na atayasema tena mpaka basi liondoke. Mimi nitajibu swali lako tu.

Ulitueleza kwamba kwenye usaili walikupa zoezi la kuandika. Kampuni ina seva moja, ya kukodi, iko kwenye wingu. Je, inahitaji load balancer, yaani kile kigawa mzigo kinachokaa mbele ya seva na kupokea maombi yote kwanza? Ukatuambia ulivyojibu: "Nikawaandikia hapana. Seva ikiwa moja, mzigo wa kugawa uko wapi?" Walipenda jibu lako, kazi ukapata. Mama yako hakuelewa neno hata moja ila alifurahi kwa kuwa wewe ulifurahi. Kisha ukanigeukia: "Ungekuwa wewe, Baba, ungejibuje?"

Nikasema naenda kuangalia tanki la maji. Tanki lilikuwa limejaa, nalijua, nililijaza mwenyewe asubuhi. Nilisimama nyuma ya nyumba mpaka niliposikia unatoa vyombo.

Jibu lako ni sahihi, Aika. Nalijua vizuri kwa sababu ni langu. Nililisema karibu neno kwa neno, ukiwa kidato cha pili, mbele ya watu saba, na watu wakacheka. Aliyechekwa aliitwa Rehema.

Unamkumbuka kidogo, nadhani. Alikuja hapa Sombetini mara mbili, msichana mwembamba mwenye hijabu ya kijani, nyumbani kwao ni kule mjini karibu na soko. Alikuwa na umri ulio nao wewe leo. Tuliandika programu pamoja kwenye ule mradi wa magari ya wagonjwa. Zahanati za pembeni, kuanzia Maji ya Chai mpaka upande wa Terrat, hazikuwa na gari. Mradi ulileta magari mawili na madereva wake, na kazi yetu mimi na Rehema ilikuwa kutengeneza mfumo. Nesi akiwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali, anafungua simu ya zahanati, anabonyeza, ombi linakwenda kwenye seva, na seva inamtafuta dereva aliye karibu. Nesi anaona maneno kwenye kioo cha simu: Ombi limepokelewa, gari linakuja.

Maneno hayo niliyaandika mimi. Mtandao wa kule juu ni wa kubahatisha, hasa mvua ikinyesha, na manesi walilalamika kwamba wanabonyeza halafu simu inazunguka tu bila jibu. Nikaamua kuwapunguzia wasiwasi. Nikaiandika programu ijibu kwanza, ihifadhi ombi baadaye. Wakaona mfumo umekuwa mwepesi, wakanisifu. Nilikwenda nyumbani siku ile nikijiona fundi.

Kwenye kikao cha mwezi, Rehema alinyoosha mkono. Akauliza kama hatuhitaji kigawa mzigo mbele ya seva yetu. Alisema, "Kila baada ya sekunde chache kinaiuliza seva kama iko hai. Tukija kuweka seva ya pili, moja ikianguka kinahamishia maombi kwenye nyingine. Sasa hivi ikianguka, nani atajua?"

Nikamjibu, "Rehema, seva ni moja. Mzigo wa kugawa uko wapi?"

Meneja akacheka, madereva wakacheka. Mimi nikatabasamu, na huko kutabasamu ndiko ninakokukumbuka kuliko maneno yenyewe. Rehema akaandika kitu kwenye daftari lake. Alikuwa ameuliza nani atajua. Swali hilo sikulijibu, wala hakuna aliyegundua kwamba halijajibiwa, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshalifunika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimejiuliza wiki nzima kama nina haki ya kukuambia. Linahusu kipaimara chako.

Ile Ijumaa kabla ya kipaimara, dereva mmoja alilalamika kwamba maombi mengine yanamfikia mara mbili. Nikataka kulitafuta kosa. Nikaiambia seva iandike kila kitu inachofanya, kila hatua, kwenye faili la kumbukumbu. Ukifanya hivyo diski inajaa haraka, kwa hiyo ukishaona unachotafuta unazima. Nililiona kosa saa kumi. Mama yako akapiga simu kwamba kreti za soda hazijafika na turubai la kukodi limepelekwa kwa watu wengine. Nikafunga kompyuta, nikatoka. Sikuzima.

Jumapili uliingia kanisani na gauni jeupe, ukajibu maswali ya mchungaji bila kukwama hata mara moja. Babu yako alikuja kutoka Machame, akasema katika wajukuu wake wote hajaona aliyesimama wima vile. Mchana mvua ya vuli ikapiga turubai mpaka tukashindwa kusikia muziki, tukasogeza viti ndani, ukacheka sana shangazi yako alipoteleza na sahani ya pilau. Kuna picha ya saa nane na nusu, mimi nimekushika bega. Ipo sebuleni hadi leo. Ndiyo maana nikipita pale sitazami ukutani.

Saa nane na nusu ile, Maji ya Chai, nesi anayeitwa Martha alikuwa zahanati peke yake na mama mjamzito aitwaye Upendo. Alikuwa mke wa mkulima wa mboga, huo ulikuwa uzazi wake wa pili. Alianza kutokwa damu kabla mtoto hajafika. Martha akachukua simu akabonyeza. Kioo kikamwambia ombi limepokelewa, gari linakuja.

Diski ya seva ilikuwa imejaa tangu adhuhuri. Seva ilikuwa hai kabisa. Ilipokea ombi, ikajibu vile nilivyoifundisha kujibu, kisha ikajaribu kuliandika mahali ikakosa nafasi, ikalitupa. Dereva alikuwa amekaa ndani ya gari, Tengeru, anasikiliza mpira kwenye redio. Kutoka pale mpaka Maji ya Chai ni mwendo mfupi sana. Wewe mwenyewe uko pale pale Tengeru leo.

Martha alisubiri. Alipoona kimya alibonyeza tena, na simu ikamwambia tena gari linakuja. Alisubiri dakika hamsini. Kisha akakimbia barabarani kwenye mvua, akasimamisha pikapu iliyobeba kabichi, wanaume wakashusha kabichi wakampakia Upendo. Alifariki pikapu ikiwa inaingia geti la hospitali. Mtoto alitolewa akiwa hai. Analelewa na bibi yake.

Nilijua Jumatatu asubuhi. Rehema ndiye aliyenipigia, na mpaka napokea simu alikuwa ameshaona diski. Alisema, "Kaka, imejaa. Imejaa na yale maandishi ya Ijumaa." Nilifuta faili, nafasi ikarudi, mfumo ukaanza kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa mtu aliyesahau. Watu wanasahau, na ningeweza kukuandikia barua nyingine kabisa. Ila meneja aliniita akataka ripoti. Kwenye utaratibu wa mradi kulikuwa na kipengele: gari lisipofika ndani ya dakika kumi, nesi ampigie dereva simu. Karatasi yenye namba ilibandikwa ukutani kila zahanati. Meneja alinionyesha kipengele hicho kwa kalamu. Nikarudi kwenye meza yangu nikaandika. Niliandika kwamba mfumo ulipata hitilafu ya muda ya nafasi ya kuhifadhi, na kwamba nesi wa zamu hakufuata utaratibu wa kupiga simu baada ya dakika kumi.

Kila neno pale lilikuwa kweli. Sikuandika kwamba nesi hakupiga kwa sababu alikuwa anaambiwa gari linakuja. Sikuandika nani aliyeifundisha simu kusema hivyo, wala nani aliyeacha maandishi wazi tangu Ijumaa. Rehema alisoma ripoti kabla haijatumwa. Alisimama mlangoni kwangu akaniuliza, "Ndiyo hii tunayopeleka?" Nikamwambia ndiyo. Akaondoka. Wiki mbili baadaye aliacha kazi, na Martha naye akaachishwa.

Tulikuambia mradi ulifungwa kwa sababu wafadhili waliondoka. Waliondoka kweli, lakini baadaye. Mimi niliacha mwenyewe kabla yao, nikafungua kibanda cha kutengeneza printa na simu, ukadhani baba yako amechoka kuajiriwa. Mama yako anajua nusu. Anajua mtu alikufa na anajua sipendi kuzungumzia. Suala la ripoti halijui, nawe ukiona vema kumwambia, mwambie. Mimi nimejaribu miaka yote hii na sentensi ya kwanza haitoki.

Baada ya miaka miwili nilikwenda Maji ya Chai kumtafuta Martha. Anauza vitunguu na nyanya pale mabasi yanaposimama. Aliniona kabla sijamwona.

"Karibu, Baba Aika. Vitunguu?"

Nikamwambia nimekuja kwa jambo lingine. Nikamwambia kuhusu ripoti, kwamba niliandika vibaya, na kwamba niko tayari kwenda kusema ukweli.

"Kwa nani?"

Nikamwambia kwa waliomwachisha.

"Ripoti nilisomewa," akasema. "Nilijua ni yako kwa ile lugha. Nenda kaseme kama unataka." Basi likasimama, akainua sinia la nyanya mpaka dirishani, akauza, akarudi. Hakuwa na haraka wala hasira. "Wewe unafikiri mimi naumia na ripoti. Nilikaa na yule dada dakika hamsini. Alikuwa ananishika mkono ananiuliza, Sista, gari? Na mimi namwambia linakuja. Nilimwambia mara nyingi sana. Alikufa ananiamini."

Nilibaki nimesimama kati ya vitunguu vyake na barabara.

"Usirudi tena," akaniambia. "Sikukasirikii. Ila nikikuona wewe naiona ile simu."

Nilikwenda kusema ukweli hata hivyo. Ofisi ya mradi ilikuwa imekuwa duka la vifaa vya ujenzi. Nikaenda kwa waliokuwa wakisimamia zahanati. Kijana wa mapokezi alinisikiliza vizuri, akaandika jina langu na namba yangu, akaniambia faili la mambo hayo limeshafungwa ila watanipigia. Sijapigiwa. Mwaka uliofuata nilikwenda tena, nikakuta mtu mwingine, nikaanza upya, naye akaandika jina langu na namba yangu. Sikwenda mara ya tatu.

Rehema nilimpigia mara moja tu. Alipokea, akaniamkia kwa adabu ile ile. Nikamwambia alikuwa na haki siku ile ya kikao. Akasema, "Hapana, Kaka. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Ningeuliza vizuri mngenielewa." Nilitaka kumwambia kwamba aliuliza vizuri kabisa, lakini akasema kuna mtu anamwita, akaaga. Namba yake haipatikani sasa. Nasikia hafanyi tena kazi za kompyuta. Kwa hiyo mahali fulani yupo mwanamke anayeamini kwamba mtu alikufa kwa sababu yeye hakujua kuuliza, na imani hiyo nilimpa mimi kwa tabasamu moja.

Sasa swali lako.

Kigawa mzigo mbele ya seva moja hakigawi chochote. Hapo uko sawa. Kina kazi nyingine: kinaweza kuichungulia seva kila mara kama iko hai, kinakuwezesha kubadilisha seva au kuongeza ya pili bila watumiaji kubadilishiwa anwani, na kinabeba vyeti vya usalama, vile vinavyozuia mawasiliano yasisomwe njiani. Kwa kampuni nyingi ndogo, gharama na usumbufu wake ni bure, na seva moja yenye nakala nzuri za akiba inatosha. Usimwongopee mtu kwamba kitamwokoa. Nyuma yake kukiwa na seva moja, na seva hiyo ikafa, kitakachobaki ni mlango mzuri wa nyumba iliyoungua.

Nimelipigia hesabu jambo hili usiku na mchana. Tungekuwa nacho siku ile, kingeiuliza seva, "Uko hai?" na seva ingejibu ndiyo. Diski iliyojaa haiizuii seva kusema ndiyo. Ungehitajika ukaguzi wa aina nyingine, unaoiambia seva iandike kitu kidogo kisha ikisome, na ikishindwa mtu apigiwe simu. Je, Rehema angeuweka ukaguzi wa namna hiyo kama ningemwambia aendelee? Alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Labda angeuweka. Au asingeuweka, na Upendo angekufa vilevile, na kigawa mzigo kikiwa pale mbele, kizima kabisa. Hili sitalijua kamwe. Kuna siku nimetamani nipate uhakika kwamba ni mimi niliyemuua, ili angalau jambo liwe na mwisho. Hata huo uhakika sina.

Kwa hiyo ukiniuliza tena, ungejibuje, Baba, jibu ni kwamba ningemuuliza aliyeuliza anaogopa nini. Labda anaogopa wateja wengi. Labda anaogopa seva kufa akiwa amelala. Labda, kama Rehema, ameona shimo na hana jina lake, akachukua jina la karibu alilolisoma kwenye kitabu. Ukishajua anachoogopa, kuamua juu ya kifaa ni kazi ya nusu saa. Mimi nilisahihisha jina nikaliacha shimo.

Nakuandikia haya nikijua hayatakusaidia sana. Wewe ni mwepesi, unajibu haraka, na watu wanapenda majibu yako. Nilikusikia juzi mezani nikajisikia mwenyewe. Wakubwa wako wa Kigali wameshakusifu kwa jibu lile, na sifa huwa inasikika kuliko barua ya mzee anayetengeneza printa. Utaisoma kwenye basi, utalia kidogo labda, na baada ya miezi utakuwa kwenye kikao mtu akauliza kitu kwa kigugumizi, na jibu sahihi litakutoka kabla hujakumbuka lolote nililoandika hapa. Sikulaumu. Mimi mwenyewe sidhani ningesikia.

Tena kwenye kazi hii hakuna mtu ambaye kosa la namna hii halijamkuta. Kutakuwa na Ijumaa yako, na jambo dogo utakaloliacha wazi kwa sababu kuna mtu unayempenda anakuita. Sitakuomba usimwitikie. Mimi hata leo sijutii kwamba nilikwenda kutafuta zile soda.

Nasikia geti. Mama yako anacheka, wewe unamwiga shangazi yako, na mbwa wa jirani anabweka. Naikunja.

Siku itakapokukuta, Aika, usinipigie mimi, na usimpigie bosi wako kwanza. Mtafute yule aliyekuwa ameshika simu akisubiri. Mpigie akiwa bado hajaulizwa na mtu yeyote, umwambie wewe ni nani na umefanya nini, ili atakapoulizwa awe anajua kwamba hakumdanganya mtu.

Baba yako